Somo: Pikipiki ya Chama Inapokataa Kuwaka

Madhumuni ya somo

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili katika kikundi, katibu wa chama na wajumbe wa bodi waweze:

(a) kueleza mambo matatu ambayo injini ya petroli haiwezi kuwaka bila hayo;
(b) kufuata utaratibu wa kupima, hatua kwa hatua, kabla ya kununua kipuri chochote;
(c) kuweka kumbukumbu za matengenezo kwa namna itakayowaridhisha wanachama na wakaguzi.

Utangulizi

Pikipiki ni mali ya chama kama ilivyo mizani, ghala na kasiki. Kwa vyama vilivyo katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji na bonde la mto Luiche mpaka Ilagala, na hata kwa vile vya milimani kama Kalinzi na Manyovu, chombo hiki ndicho kinachompeleka katibu benki Kigoma mjini, ndicho kinachofikisha taarifa za bei kwa wakulima, na ndicho kinachowahi lori la mazao kabla halijaondoka. Msimu wa mazao haumsubiri mtu. Siku moja ya pikipiki kulala ghalani yaweza kuwa siku ya wanachama kurudi nyumbani bila malipo yao.

Pikipiki nyingi za vyama ni za zamani. Baadhi ni za Kijapani zilizopita katika mikono ya maofisa kadha wa kadha kabla ya kufika chamani. Nyingine ni za Kichina au za Kihindi. Aghalabu injini zake hufanana kuliko watu wanavyodhani. Honda CG125, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambazo barabara ni mbaya na matengenezo huchelewa, na vali zake huendeshwa kwa fimbo za kusukuma badala ya mnyororo. Viwanda vingi vya China viliiga injini hiyo. Kwa hiyo mwenye kuielewa moja ataelewa nyingi. Pikipiki mpya ambazo petroli yake hudungwa kwa kuongozwa na kompyuta zina mambo yake, nazo haziguswi na somo hili.

Madhumuni hapa si kumfanya katibu awe fundi. Ni kumwezesha kuuliza maswali ya haki, kupima yale yasiyohitaji gharama, na kujua fedha ya wanachama inakwenda wapi fundi anaposema, "Lete plagi, lete koili."

Mambo matatu

Injini ya petroli huwaka yakikutana mambo matatu kwa wakati wake: mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kiasi kinachofaa, cheche yenye nguvu kutoka kwenye plagi, na mkandamizo wa kutosha ndani ya silinda, ambao mafundi huuita kompresheni. Likikosekana moja, mpiga kiki atatoka jasho bure. Yakiwepo yote matatu kwa wakati wake, injini haina sababu ya kukataa.

Kila kipimo kinachoelezwa hapa chini kina kazi moja tu: kuonyesha ni lipi kati ya hayo matatu limekosekana. Mtu anayebadilisha kipuri kabla ya kujua hivyo huwa anabahatisha, na anabahatisha kwa fedha isiyo yake.

Hatua ya kwanza: kuuliza

Kabla ya kushika spana, yafaa kumhoji aliyeendesha mara ya mwisho. Injini ilizimika ghafula, kama taa inayozimwa, au ilipungua nguvu, ikakohoa, kisha ikazimika? Kuzimika ghafula huelekeza kwenye umeme. Kupungua polepole huelekeza kwenye petroli. Je, pikipiki ilioshwa au ilinyeshewa? Imekaa muda gani bila kuendeshwa? Inakataa asubuhi ikiwa baridi, au inakataa ikiwa moto baada ya safari? Petroli ilinunuliwa wapi mara ya mwisho, kituoni au katika chupa kando ya njia? Kuna mtu aliyeifungua karibuni?

Majibu na yaandikwe. Mara nyingi nusu ya kazi huishia hapo.

Hatua ya pili: yale yanayoonekana kwa macho

Mafundi wazoefu huanza na mambo ambayo mtu huona haya kuyataja. Koki ya mafuta imefunguliwa? Tangi lina petroli, au imebaki ya akiba tu na koki haijageuzwa upande wa akiba? Swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani iko mahali pake? Swichi hiyo ndogo husukumwa na watoto, au hata na mkono wa koti, na imekwisha kuwapeleka watu wengi gereji bila sababu. Gia iko nyutro? Kofia ya plagi imekaa sawasawa?

Kisha iangaliwe pikipiki yenyewe. Ikiwa hulazwa ghalani pamoja na magunia ya mpunga au mahindi, waya zichunguzwe, kwa maana panya hutafuna waya na hujenga viota ndani ya kisanduku cha chujio la hewa. Ikiwa ilikaa miezi kadhaa, mdomo wa bomba la moshi utazamwe pia: nyigu hupenda kujenga nyumba ya udongo katika matundu ya namna hiyo. Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine.

Kuhusu betri, jambo moja hukosewa sana. Katika pikipiki nyingi za zamani zinazowashwa kwa kiki, umeme wa plagi hutoka katika koili iliyo kando ya sumaku ya injini, si katika betri. Pikipiki za namna hiyo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa. Katibu na amwulize fundi: "Hii ya kwetu cheche yake inategemea betri au haitegemei?" Fundi asiyeweza kujibu asipewe fedha ya betri.

Hatua ya tatu: plagi kama shahidi

Na ipigwe kiki mara sita au saba kama kawaida ya kuwasha, kisha plagi ifunguliwe mara moja na kutazamwa. Plagi ni shahidi aliyekuwamo ndani ya chumba.

Plagi iliyolowa petroli husema kwamba mafuta yanafika. Basi cheche ndiyo ichunguzwe kwanza, au huenda silinda imefurika. Plagi kavu kabisa husema kwamba mafuta hayafiki; kazi ihamie kwenye tangi, koki na kabureta. Yenye masizi meusi makavu husema kwamba petroli inazidi hewa: pengine chujio la hewa limejaa vumbi la kiangazi, au choki imekwama. Yenye weusi wa mafuta mazito ya injini husema kwamba oili inapenya kupita ringi au vali. Nyeupe mno, yenye dalili ya kuungua, husema kwamba hewa imezidi petroli au injini inapata joto la kupita kiasi. Plagi nzuri huwa na rangi ya kahawia hafifu.

Nafasi kati ya ncha zake ipimwe pia. Kwa injini nyingi za cc 125 nafasi hiyo ni milimita 0.6 hadi 0.7, lakini kitabu cha pikipiki yenyewe ndicho chenye neno la mwisho.

Ikiwa silinda imefurika petroli, dawa yake haina gharama. Koki ifungwe, choki iondolewe, swichi izimwe, mkono wa mafuta ufunguliwe wote, na kiki ipigwe mara kadhaa ili hewa ikaushe silinda. Plagi ikaushwe na kurudishwa, kisha injini ijaribiwe tena bila choki.

Hatua ya nne: kupima cheche

Tahadhari kwanza. Mvuke wa petroli hushika moto kwa cheche hiyo hiyo inayotafutwa. Kazi hii ifanyike uwanjani, si ndani ya ofisi wala ghala. Sigara ziwe mbali. Petroli iliyomwagika ifutwe na kuachwa ikauke. Na plagi iwekwe mbali na tundu lake.

Plagi ichomekwe katika kofia yake, na mwili wake wa chuma ukandamizwe kwenye chuma cha injini kwa koleo lenye mpini wa mpira. Swichi ifunguliwe na mtu wa pili apige kiki. Plagi isiachwe ikining'inia bila kugusa chuma, kwani umeme ukikosa njia huweza kuharibu koili au kisanduku cha kuwashia.

Cheche ya buluu, nene, inayolia kidogo, ni nzuri. Cheche ya manjano, nyembamba, ni dhaifu. Huenda ikaonekana uwanjani na bado ikashindwa ndani ya silinda penye mkandamizo. Pasipo cheche kabisa, utaratibu uwe huu, kuanzia kisicho na gharama mpaka chenye gharama:

1. Ijaribiwe plagi nyingine ambayo inajulikana kuwa nzima, hata ya kuazima.
2. Kofia ya plagi ifunguliwe, waya ukatwe ncha kiasi cha milimita 5 ili upatikane uso safi, kisha irudishwe. Pakiwa na unyevu, pakaushwe. Wakati wa masika hapa mwambaoni, hili peke yake huwasha pikipiki nyingi.
3. Waya wa swichi ya kuzimia injini utenganishwe kwa muda. Cheche ikirudi, kosa liko katika swichi au waya wake.
4. Viungo vyote vya waya vichomolewe, visafishwe kutu, na vichomekwe tena. Na waya wa ardhi, ule unaofungwa kwenye fremu, ukazwe.
5. Katika pikipiki za zamani zaidi, vichunguzwe vile vidole vya kukata na kuunga umeme, ambavyo mafundi huviita platini. Nyuso zake ziwe safi, na zinapoachana kabisa nafasi iwe kiasi cha milimita 0.3 hadi 0.4. Zikiungua mara kwa mara na kutoa cheche nyingi zenyewe kwa zenyewe, kondensa ndiyo ishukiwe.
6. Mwisho kabisa ndipo washukiwe koili na, kwa pikipiki zisizo na platini, kisanduku kinachoitwa sidiai. Vipuri hivi vipimwe kwa kuazima vya pikipiki nyingine ya aina ile ile iliyo nzima, wala visinunuliwe kwa kukisia.

Iko dalili moja ya kukumbukwa. Pikipiki inayowaka vizuri ikiwa baridi, ikazimika baada ya kupata moto, kisha ikawaka tena baada ya kupumzika nusu saa, hutiliwa shaka ya koili au kondensa, kwa maana vitu hivyo hushindwa kwa joto. Lakini dalili hiyo hiyo yaweza kuletwa na sababu nyingine isiyo na gharama hata ya senti moja, kama mfano ulio mbele utakavyoonyesha.

Hatua ya tano: kupima petroli

Mpira wa mafuta uchomolewe kwenye kabureta, uelekezwe ndani ya chupa safi ya kioo, na koki ifunguliwe. Petroli inatakiwa kutiririka bila kusita. Isipotoka kabisa, chujio la koki limeziba. Ikitoka vizuri kisha ikapungua na kukoma, kifuniko cha tangi kifunguliwe. Ukisikika mlio wa hewa inayoingia na mtiririko ukaanza upya, basi tundu la pumzi la kifuniko limeziba: petroli haiwezi kushuka ikiwa hewa haiingii kushika nafasi yake.

Chupa hiyo iachwe itulie kwa dakika kumi. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwamo yatajitenga chini, na mstari utaonekana wazi. Petroli inayouzwa katika madumu na chupa hupata maji kwa urahisi, hasa wakati wa mvua. Kwa kuwa maji hukaa chini, hukusanyika pia katika kikombe cha kabureta, mahali pale pale injini inapovutia mafuta. Skrubu ya chini ya kikombe ilegezwe na kikombe kimwagwe.

Uchanganyaji wa mafuta ya taa katika petroli nao umeisumbua nchi kwa miaka mingi. Mwaka 2010 EWURA ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwabaini wachanganyaji, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili faida ya kuchanganya ipungue. Hata hivyo chupa ya kando ya njia haina mkaguzi. Matone machache yawekwe juu ya karatasi nyeupe kivulini: petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama ya kueleweka, lakini yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalokawia. Petroli ya namna hiyo huifanya injini iwake kwa shida ikiwa baridi, itoe moshi, na ichafue plagi.

Petroli iliyokaa miezi mingi ndani ya kabureta huacha ulimbo unaoziba vitundu vidogo vinavyoitwa jeti. Jeti husafishwa kwa petroli safi na kwa kupuliza. Ikibidi kuchokoa, utumike uzi wa nailoni wa mshipi, ambao haukosekani Kibirizi wala Katonga. Waya wa chuma usitumike kamwe, kwani shaba ya jeti ni laini na tundu likipanuka pikipiki itakula mafuta siku zote za maisha yake.

Kwa vyama vya milimani iko nyongeza. Ziwa liko kiasi cha meta 770 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya milimani viko juu zaidi sana. Huko hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangwa vizuri Ujiji huweza kuzidisha petroli kidogo ikifika Kalinzi. Asubuhi nazo ni za baridi, na choki huhitajika kwa muda mrefu zaidi kuliko pwani ya ziwa.

Hatua ya sita: kupima mkandamizo

Ikiwa cheche ni nzuri na petroli inafika, kinabaki kimoja. Kiki ikandamizwe polepole kwa mkono. Inatakiwa kukataa, kisha kushuka. Kiki inayoshuka kama pedeli ya baiskeli iliyokatika mnyororo ni dalili mbaya. Plagi ikiwa imefunguliwa na swichi imezimwa, kidole gumba kikiziba tundu, kiki inatakiwa kukisukuma kidole hicho kwa nguvu.

Mkandamizo ukiwa hafifu, pasiwe na haraka ya kusema kwamba injini imekufa. Kwanza nafasi ya vali ipimwe injini ikiwa baridi, kwa mabapa membamba ambayo mafundi huyaita fila. Kwa Honda CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08. Nafasi ikiwa imekwisha kabisa, vali haifungi sawasawa na mkandamizo huvuja. Kurekebisha ni kazi ya spana na bisibisi tu.

Ikiwa nafasi ni sahihi na bado nguvu hakuna, kimiminwe kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini katika tundu la plagi, kiki ipigwe mara chache, kisha mkandamizo upimwe tena. Ukipanda, ringi au silinda imelika, kwa sababu oili imeziba mwanya kwa muda. Usipobadilika, kosa liko kwenye vali au gasketi. Hapo ndipo fundi aitwe, na hapo bodi itajua mapema kwamba kazi inayokuja ni ya gharama.

Mfano wa kujifunzia

Mfano huu ni wa kubuni, na bei zake ni za kufanyia hesabu tu.

Chama cha wakulima wa mpunga kina pikipiki ya cc 125 yenye umri mkubwa. Katibu akiondoka chamani asubuhi huenda vizuri, lakini baada ya kilometa chache injini hukohoa na kuzimika. Huisukuma mpaka kivulini, na baada ya nusu saa huwaka. Mnunuzi anamsubiri Kigoma; siku mbili amefika benki imekwisha kufungwa, na wanachama waliolala ofisini wakingoja malipo wameanza kunong'ona.

Fundi wa kwanza anasema ni plagi. Inanunuliwa kwa shilingi 5,000. Pikipiki inawaka, watu wanafurahi, na kesho yake inazimika njiani. Anasema ni betri: shilingi 35,000. Inawaka, kisha inazimika. Fundi wa pili anasema ni koili, kwa kuwa inashindwa ikiwa moto: shilingi 20,000. Hali ni ile ile. Mwisho inanunuliwa kabureta nzima kwa shilingi 45,000. Jumla ni shilingi 105,000, mbali na ufundi, na ugonjwa haujaondoka.

Katika mkutano, mwanachama mmoja anauliza kwa sauti kama katibu na mafundi hawagawani fedha hiyo. Katibu ni mwaminifu, lakini hana karatasi ya kujitetea: vipuri vya zamani vilichukuliwa na mafundi, na hakuna palipoandikwa nani alipima nini.

Ndipo mjumbe mmoja anapopendekeza kwamba wakati mwingine pikipiki ikizimika, isiguswe chochote ila kifuniko cha tangi kifunguliwe. Inafanyika hivyo. Hewa inasikika ikiingia, na injini inawaka palepale bila kungoja nusu saa. Tundu la pumzi la kifuniko lilikuwa limezibwa na vumbi lililogandamana na mafuta. Linazibuliwa kwa uzi wa nailoni. Gharama: hakuna.

Kwa nini kila kipuri kilionekana kuponya? Kwa sababu kila mara gereji tangi lilifunguliwa ili kutiwa petroli, na pikipiki ikaachwa imekaa saa kadhaa. Hewa iliingia, petroli ikashuka, na injini ikawaka. Sifa ilipewa kipuri kipya, ilhali aliyefanya kazi ni kifuniko kilichofunguliwa. Na kwa nini kungoja nusu saa kulisaidia? Kwa sababu hewa ilikuwa ikipenya kidogo kidogo kupita pembeni mwa kifuniko. Joto lilisingiziwa tu.

Mafunzo ya mfano huu ni mawili. La kwanza, kuwaka baada ya matengenezo si ushahidi kwamba kosa limepatikana. Ushahidi ni kuitenda hali ile ile iliyokuwa ikishindwa, kwa umbali ule ule, na kuona haishindwi. La pili, jambo moja tu libadilishwe kwa wakati mmoja, vinginevyo haijulikani ni lipi lililosaidia.

Daftari la pikipiki

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila chama chenye pikipiki kiwe na daftari lake, lenye safu hizi: tarehe, kilometa, aliyeendesha, petroli iliyotiwa na mahali iliponunuliwa, dalili ya kosa, kipimo kilichofanyika na matokeo yake, kipuri kilichobadilishwa, gharama na namba ya stakabadhi, na saini ya aliyepokea kazi.

Zaidi ya daftari, kanuni tatu zinatosha. Kwanza, fundi aseme kipimo alichofanya kabla ya kutaja kipuri. Pili, kipuri cha zamani kirudi ofisini, kifungwe karatasi yenye tarehe, na kitunzwe mpaka hesabu zikaguliwe. Mara nyingine hugundulika kuwa kilikuwa kizima, nacho huwa akiba. Tatu, matengenezo yanayozidi kiwango kilichowekwa na bodi yasifanyike kwa uamuzi wa katibu peke yake. Kanuni hii humlinda katibu kuliko inavyombana.

Mwisho wa mwaka daftari hilo litajibu swali ambalo vyama vingi hulijibu kwa hasira au kwa huruma: je, pikipiki hii iendelee kutengenezwa au iuzwe? Gharama za mwaka zijumlishwe, siku ilizolala zihesabiwe, na jumla hiyo ilinganishwe na nauli ambayo katibu angelipa kwa bodaboda kwa safari zile zile. Wakishaziona tarakimu hizo, wanachama wataamua vizuri.

Maswali kwa vikundi vya kujifunza

1. Pikipiki ya chama imezimika ghafula katika mvua, na plagi imelowa petroli. Ni lipi kati ya mambo matatu linaloshukiwa, na kipimo cha kwanza ni kipi?
2. Fundi anataka fedha ya koili. Orodhesheni mambo matano ambayo katibu atamwuliza kama yamekwisha kupimwa.
3. Plagi ni kavu baada ya kiki saba. Elezeni, kwa utaratibu, safari ya petroli kutoka kifuniko cha tangi mpaka silinda, na mahali inapoweza kukwama.
4. Katika mfano wa kubuni hapo juu, ni kipimo gani kingeokoa shilingi 105,000, na kingechukua dakika ngapi?
5. Chama chenu kina daftari la pikipiki? Ikiwa halipo, bodi iteue mtu wa kulianzisha, na tarehe ya kuanza iandikwe katika kumbukumbu za mkutano.